Unaenda kozi ya sefti ya ujenzi? Anza kujiandaa wiki moja kabla

Ndugu zangu mafundi, saidia fundi, mafomani na nyie mliochaguliwa juzi kuwa wawakilishi wa usalama wa saiti, hili swali naulizwa sana kwenye simu. Kaka, nimeambiwa Jumatatu naenda kozi ya sefti, nibebe nini, kuna mtihani, nisome nini? Nimeona niandike yote hapa ili mtu asome taratibu, maana kwa simu huwa naongea nusu halafu salio linaisha.

Mimi kwenye ujenzi nimeanza kama kibarua wa kubeba zege kwa karai, nikawa fundi nondo, sasa hivi nasimamia vijana. Kozi za usalama nimekaa kadhaa. Ya kwanza sikupata kitu cha maana, na sababu haikuwa mwalimu, mwalimu alikuwa mzuri tu, ila nilienda kichwa kikiwa kitupu. Kila anachosema nakubali, ndiyo, ndiyo, afu nikirudi saiti sijui nianzie wapi. Ya pili nilienda na daftari lenye mambo ya saiti yetu, nikauliza maswali, na niliporudi kuna vitu vilibadilika kweli. Kwa hiyo ninachowaambia ni kwamba nenda na saiti yako kichwani.

Kwanza jua ni kozi gani. Watu wengi wanaambiwa tu "kozi ya OSHA" na wao wanaingia mtandaoni kutafuta OSHA, wanakutana na mambo ya Marekani, kadi ya saa 10 na kadi ya saa 30, wanaanza kusoma sheria za huko. Ile ni OSHA ya Marekani, sheria yao ni ya mwaka 1970, ile kadi ya saa 10 ni ya wafanyakazi wa kawaida na ya saa 30 ni ya wasimamizi. Ya kwetu Tanzania ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na sheria yetu ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003. Ukienda Kenya utasikia OSHA pia lakini kule hilo ni jina la sheria yao ya 2007, ofisi yenyewe inaitwa DOSHS. Masuala ya ngazi, vumbi na mitaro hayana nchi, ukisoma ya Marekani utajifunza, ila kwenye sheria na nani anakuja kukagua saiti usichanganye.

Muulize aliyekutuma mambo haya: kozi ni ya nini hasa, maana ile ya kazi za kimo (kufanya kazi juu) ni tofauti na ya huduma ya kwanza na ni tofauti na ya wawakilishi wa usalama. Siku ngapi. Anafundisha nani na anatambulika na OSHA? Kuna vitendo au ni kukaa tu? Inafundishwa kwa Kiswahili? Hili la mwisho usilione dogo, nimekaa darasa ambalo slaidi zote Kiingereza na mwalimu anaongea Kiswahili nusu, mafundi wazuri kabisa wenye miaka 20 kwenye kazi wamekaa kimya siku nzima. Kama lugha itakuwa shida sema mapema, kabla ya siku, ili mwalimu ajue. Na kama kusoma na kuandika kunakusumbua, mfuate mwalimu asubuhi kabla hajaanza umwambie pembeni, wengi wanakubali kukuuliza maswali kwa mdomo. Hamna aibu hapo. Kuna mafundi hawajui kusoma na timazi yao haijawahi kukosea.

Lingine la kuuliza ni hela. We kama ni kibarua wa kulipwa kwa siku, siku mbili za kozi ni siku mbili bila posho, na nyumbani wanakula. Niliwahi kuona vijana wanne wametumwa kozi na mkandarasi, wamerudi Jumatano wanaambiwa siku mlizokuwa darasani hazihesabiwi. Iliniuma sana, na wale vijana hadi leo ukiwatajia mafunzo wanageuza uso. Mafunzo ni kazi, umetumwa na mwajiri, kwa hiyo maliza hilo na fomani kabla hujaenda, ikiwezekana kwa meseji ili ibaki kwenye simu. Na wale wa "lipa leo uchukue cheti jioni" waepukeni, karatasi ile haikushiki ukianguka.

Sasa tuje kwenye maandalizi yenyewe.

Wiki moja kabla, chukua daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu. Kila siku wakati wa chai au mchana zunguka saiti dakika 15, peke yako, bila kushika kazi. Hiyo ndo siri, bila kushika kazi, kwa sababu ukiwa na kazi mkononi macho yanaangalia kazi. Simama tu kama mgeni. Angalia juu, angalia chini, angalia watu wanapita wapi. Utashangaa. Mimi siku ya kwanza kufanya hivi niliona tundu la lifti ghorofa ya pili limefunikwa na marine bodi (plaiwudi) moja, haijapigiliwa, haina alama yoyote, na mimi mwenyewe nilikuwa napita pembeni yake kila siku kwa wiki tatu. Mtu akiinua ile bodi ili aitumie kwenye shata (fomu ya kumwagia zege) anajitengenezea shimo mbele ya miguu yake, na ameibeba kifuani hivyo hata chini haoni. Hiyo niliiandika ukurasa wa kwanza.

Andika kitu, mahali kilipo, nani anaweza kuumia, anaumiaje. Usiandike "hakuna usalama", hiyo haimsaidii mtu. Andika "nondo za kolamu zimesimama wazi usawa wa kifua upande wa geti, vijana wanaruka juu yake na toroli". Andika "waya wa mikisa (mashine ya kuchanganyia zege) umeungwa kwa nailoni na unapita kwenye maji". Andika "ngazi ya mbao, kipandio cha tatu kimelegea". Kama simu inapiga picha piga, ila muombe fomani ruhusa kwanza maana wengine wanadhani unapeleka picha kwa wakaguzi.

Waulize na wengine. Muulize kijana wa grenda (mashine ya kukatia), muulize mama anayebeba maji na kokoto, muulize mlinzi wa usiku, muulize mama lishe aliyeweka jiko lake chini ya ukuta unaojengwa. Swali ni moja tu: hapa kitu gani kinakutisha? Mama mmoja aliniambia kinachomtisha ni kwamba saa ya kumwaga zege wanawake wanapita chini ya mirunda wakati juu watu wanapokezana karai, na hakuna anayepiga kelele kabla ya kuachia. Mimi fundi mzima nilikuwa sijawahi kuliona hilo.

Sasa ukiwa na daftari lako lenye mambo kumi au 15, ukifika darasani mwalimu akitaja kitu we unakiona. Na kuna maneno ambayo lazima utayasikia, bora uyajue mapema. La kwanza ni kihatarishi. Watu wanachanganya kihatarishi na hatari. Kihatarishi ni kile kitu chenyewe kinachoweza kuumiza, mfano ile nondo iliyosimama. Hatari yenyewe ni uwezekano wa mtu kuangukia ile nondo pamoja na ukubwa wa madhara yake, hapo ndo unapima. Nondo ikiwa kwenye kona isiyopitika na ikiwa kwenye njia ya toroli ni kihatarishi kilekile lakini hatari sio sawa. Kitendo cha kuzunguka, kuona na kupima ndo wanaita tathmini ya vihatarishi, na we kwa daftari lako umeshaifanya.

La pili ni ngazi ya udhibiti. Hili wanauliza karibu kila mtihani. Ni mpangilio wa hatua tano za kupunguza hatari, kuanzia ile yenye nguvu mpaka ile dhaifu, na kifaa kinga kiko mwisho kabisa. Hapo ndo watu wengi wanashangaa kwa sababu saiti zetu usalama maana yake ni helmeti na reflekta, basi. Ngoja nikupe mfano wa kukata tailizi kwa grenda, lile vumbi jeupe. Hatua ya kwanza ni kuondoa kabisa, yaani upange kazi ili ukataji uwe mdogo au zije zimeshakatwa. Ya pili ni kubadilisha, utumie mashine ya mkono ya kukwaruza na kuvunja badala ya grenda. Ya tatu ni kuzuia kwa ufundi, kata kwa maji ili vumbi lisipae. Ya nne ni utaratibu, katia nje, watu wengine wakae mbali, mnapokezana. Ya tano ndo barakoa. Na barakoa yenyewe sio ile ya kitambaa, lile vumbi lina silika, ni laini sana na linapita, unahitaji aina ya N95 au inayofanana nayo na ibane uso vizuri. Silika iko kwenye mchanga, kwenye zege, kwenye mawe, na ikishakaa kwenye mapafu miaka inaleta ugonjwa unaoitwa silikosisi ambao hauna dawa ya kuuponya. Mtu anakata tailizi miaka kumi akidhani kikohozi ni cha baridi.

Rangi za mabango pia zijue, ni rahisi: bluu unalazimika kufanya, nyekundu usifanye au ni vifaa vya moto, njano tahadhari, kijani njia ya kutokea na huduma ya kwanza.

Kuhusu kazi za kimo nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndo naona watu wanajidanganya hata baada ya kozi. Hanesi. Ile mikanda ya mwilini ya kukushika ukianguka, mtu akishaivaa anajiona amepona. Sasa piga hesabu na mimi, na nenda nayo hii hesabu darasani. Lanyadi, yaani kamba ya kuunganisha hanesi na pale unapofunga, ya kawaida ina urefu wa mita 2. Ile yenye kipunguza mshtuko, ukianguka kile kifuko kinafumuka na kurefuka, kinaweza kufika hadi mita 1.75. Kutoka kwenye ringi ya mgongoni mpaka nyayo zako ni kama mita 1.5. Weka mita 1 ya akiba ili usiguse chini. Jumla ni mita 6.25 chini ya pale ulipofunga. Haya, jamvi (sakafu ya zege) la ghorofa ya kwanza liko mita 3 kutoka chini, na we umefunga huku (ndoano) yako kwenye nondo usawa wa miguu. Utagonga chini kabla lanyadi haijamaliza kazi yake. Hata ukiwa ghorofa ya pili, mita 6, bado haitoshi ukifunga miguuni. Ukifunga juu ya kichwa, mita 2 juu ya nyayo, hesabu inashuka, chini ya miguu yako unahitaji kama mita 4.25. Ndo maana wanasema funga juu, na ndo maana kwa kimo kifupi cha kwanza ni reli ya kuzuia pembeni au lanyadi fupi isiyokufikisha ukingoni kabisa. Kila kifaa kina lebo yenye vipimo vyake, isome, hesabu yangu ni ya lanyadi ya kawaida tu.

Kwa hiyo kabla ya kozi pima saiti yako kwa tepu. Kutoka jamvi hadi jamvi mita ngapi? Watu wenu wanafunga wapi huku zao? Kama wanafunga kwenye propu au kwenye mrunda wa kulala, andika, halafu muulize mwalimu pafungwe wapi. Angalia na hanesi zenyewe: mishono, pametoboka na cheche za kuchomelea, kifuko cha mshtuko kimeshafumuka? Iliyowahi kushika mtu akianguka hairudi kazini. Dada zangu pia mjaribu saizi kabla, hanesi iliyolegea mapajani ukianguka inaumiza vibaya. Na swali ambalo nakuomba uulize hata kama wengine wanataka chakula cha mchana: mtu akibaki ananing'inia, tunamshusha vipi? Kuning'inia na mikanda imebana mapaja damu hairudi vizuri, ndani ya dakika chache hali inaweza kuwa mbaya, kwa hiyo saiti inatakiwa iwe na mpango wake wa kumshusha, kupiga simu na kusubiri haitoshi.

Ngazi ni fupi: kwa kila mita 4 kwenda juu, mguu wake utoke mita 1 kwenye ukuta, na juu ipite kama mita 1 pale unaposhukia ili upate pa kushika. Nenda ukaipime ile yenu.

Mitaro na mashimo ya msingi. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi au zaidi, yaani kama mifuko 30 ya saruji. Sasa fikiria mifuko 30 inadondoka kwa pamoja juu ya mtu aliyeinama na sururu. Akifukiwa mpaka kifuani tu hawezi kuvuta pumzi hata kama kichwa kiko nje. Kabla ya kozi angalia udongo mliochimba mmeumwaga wapi, kama uko ukingoni unasukuma ukuta wa shimo, angalia malori yanapita umbali gani, angalia kama kuna ngazi ya kutokea au watu wanakwea kwa mikono. Mvua ikinyesha usiku nani anakagua asubuhi kabla watu hawajaingia?

Halafu saruji. Hii nimeiweka moyoni na nitaisema kila mahali. Saruji mbichi inaunguza. Haiunguzi kama moto kwamba utaruka, inaunguza polepole, ni kali kama magadi ya sabuni, na wakati unaisikia imeshakula. Tulikuwa tunamwaga jamvi, kazi ya mchana kutwa, kuna kijana gambuti yake ya kulia ilikuwa na mpasuko mdogo tu juu ya kifundo. Zege likaingia. Akasema ni unyevu tu, akavumilia maana mikisa haisimami. Jioni alipovua, soksi imegandana na mguu, tulipoivuta ngozi ikaja nayo. Pale saiti hapakuwa na maji safi ya kumuosha, maji yote yalikuwa ya pipa la kuchanganyia. Alikaa nyumbani zaidi ya mwezi. Hakuna aliyemwambia kabla, na mimi niliyekuwa namsimamia nilikuwa sijui. Kwa hiyo andika kwenye daftari: maji safi ya kunawa yako wapi, umbali wa hatua ngapi kutoka mikisa?

Kama kozi ina huduma ya kwanza, vaa nguo ya kupigia magoti, utalala chini na utapigia magoti mdoli. Kata kucha. Kariri mapema ili mikono ikifika pale isibabaike: kwa aliyeacha kupumua, kubonyeza kifua mara 30 kisha pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Ni kazi nzito, unatoka jasho, ndo maana mnapokezana. Kwa damu nyingi, bonyeza moja kwa moja kwenye kidonda kwa kitambaa safi na usiachie kila sekunde kuchungulia. Aliyeanguka kutoka juu usimuinue mkamkalisha, tunapenda sana kumkalisha na kumpa maji, usifanye hivyo, huenda mgongo au shingo imevunjika, mwache palepale kama hakuna hatari nyingine na mshike kichwa kisicheze. Aliyenaswa na umeme usimguse, kata umeme kwanza. Usione aibu kujaribu mbele ya wenzako, mimi nimeona wanaume wazima wanacheka cheka kwenye mdoli na zamu yao inapita hivyohivyo, siku ya siku hawajui.

Na ufanye kazi moja ya nyumbani: andika maelekezo ya kufika saiti yenu kama unamwelekeza dereva wa gari la wagonjwa ambaye hajawahi kufika. Saiti nyingi hazina anwani. "Pita sheli, kata kushoto kwenye mwembe" sio mbaya, ila geti lipi linafunguka, gari kubwa linapita? Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya dharura ni 112. Hospitali ya karibu ni ipi na usiku iko wazi? Darasani mwalimu akiuliza mpango wa dharura we utakuwa na wa kwako tayari.

Sheria soma kidogo tu, usijichoshe. Jua kwamba vifaa kinga ni wajibu wa mwajiri kuvitoa, hukatwi wewe. Jua kuna upimaji wa afya kwa wafanyakazi, ukianza kazi na ukiendelea nayo, uliza wenu lini. Na jua kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hachangii, na ukiumia kazini au kupata ugonjwa wa kazi ndo wanahusika na matibabu na fidia. Vibarua wengi hawajui kama majina yao yako kwenye orodha ya malipo ya mkandarasi au la. Muulize mwalimu hatua za kutoa taarifa, nani anaandika, ndani ya muda gani, na PF3 (fomu ya polisi) inahitajika wakati gani, uandike neno kwa neno.

Kuna wakati mtu ananiambia haya yote ni mambo ya makampuni makubwa. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar liliporomoka, wakafa watu 36. Mafundi walikuwa kazini asubuhi ile. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20, na sisi wa ujenzi tulisimama pale tukiangalia waokoaji wanachimba kwa mikono wakiwasikia watu chini. Nikisema jiandae nakuwa nawaona wale.

Mambo madogo ya siku yenyewe. Kitambulisho, na hakikisha jina unaloandika kwenye fomu ni lile lililoko NIDA, herufi kwa herufi, kubadilisha cheti ni usumbufu mkubwa. Picha za pasipoti mbili uwe nazo. Miwani kama unatumia. Dawa zako kama una presha au sukari, na kama una kifafa au kizunguzungu mwambie mwalimu kabla ya vitendo vya kimo. Buti zako na helmeti yako ya kazini nenda nazo hata kama hawajasema, ili mwalimu akuonyeshe kwenye kifaa chako: tarehe ya kutengenezwa iko kwa ndani, mikanda ya ndani imelegea, ganda lina ufa? Usiku ulale. Kukaa kwenye kiti masaa nane kwa mtu aliyezoea kusimama ni kazi, ukiwa umetoka kumwaga zege usiku utasinzia tu. Kunywa chai nzito asubuhi. Kaa mbele.

Darasani usingoje uulizwe. Fungua daftari, sema mwalimu saiti yetu iko hivi, tufanyeje? Ukiuliza cha kwako na wengine wanafunguka, na nusu ya niliyojifunza nimeyapata kwa fundi aliyekaa kiti cha pembeni. Chukueni namba zenu. Usipoelewa sema sijaelewa. Na kwenye mtihani soma swali hadi mwisho, wanapenda kuuliza "kipi sio sahihi" na watu wanaruka hilo neno.

Ukirudi, cheti piga picha kisha kaweke nakala ofisi ya saiti, halisi kaa nacho nyumbani, wakandarasi wengine wanakishikilia na ukihama kazi unaanza kubembeleza. Halafu Jumatatu asubuhi kabla kazi haijaanza muombe fomani dakika 10 tu. Usisome daftari lote, watu watakuchoka. Chagua kitu kimoja kinachoweza kurekebishwa siku hiyohiyo kwa vitu vilivyopo. Lile tundu la lifti sisi tulilifunika kwa mbao nene, tukapigilia, tukapaka rangi nyekundu juu yake neno SHIMO, ilichukua nusu saa. Wiki iliyofuata tukaweka pipa la maji safi na sabuni hatua kumi kutoka kwenye mikisa, limeandikwa KUNAWA TU, na kuna kijana kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kulijaza kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.